Kitabu cha Ruhusa cha Madam

Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata barua zake za likizo, ambazo zilipaswa kubeba jina, watu walizitaja kama barua za Madam. Katika ofisi yetu ya Kakamega, pale tunapotunza rekodi za mashamba ya watu, kulikuwa na kina mama wengine waliomzidi vyeo na elimu, lakini ukisema Madam bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamtaja yule wa chumba cha mwisho koridoni, mwenye mtandao. Alikozaliwa na ukoo wake sivijui vizuri, na sitajifanya navijua. Ninachokijua ni alivyofanya kazi, na mimi nilivyomlipa.

Kazi yake ilikuwa kuamua nani aingie wapi. Mashine zetu zote zilikuwa zimeunganishwa, na rekodi zote zilikaa mahali pamoja. Mtu akiajiriwa, Madam alimfungulia akaunti na kumtia kwenye kundi. Kundi la Kaunta waliona rekodi bila kuzigusa. Kundi la Rekodi waliweza kubadilisha jina la mwenye shamba. Kundi la Wakubwa waliweza kuweka zuio kwenye shamba lenye kesi, lisiguswe na yeyote, au kuliondoa. Kundi la nne lilikuwa la Wasimamizi, na humo tulikuwa wawili tu: yeye, na mimi msaidizi wake niliyetoka chuo cha Sigalagala na cheti kipya na maneno mengi. Wasimamizi waliweza yote, hata kubadilisha neno la siri la mtu mwingine bila yeye kujua. Siku aliponiingiza kwenye kundi hilo hakunipongeza. Aliniuliza kama ninalala vizuri.

Kila alichofungua na kila alichofunga alikiandika kwa mkono katika kitabu kikubwa cheusi. Nilimcheka kimoyomoyo: mtu wa kompyuta anayeandika kwa kalamu! Ukurasa wake aliugawa safu nne kwa rula. Tarehe, kilichofanywa, aliyeomba, aliyetoa. Bila jina la aliyeomba, hakuna kilichofunguka. Nilimwambia mfumo unajiandikia wenyewe kila kitu.

"Mfumo unaandikanga kile umeambiwa," alisema. "Mtu anaandikanga kile amefanya."

Alikuwa na msemo wake mkuu, ambao kila mwajiriwa mpya aliusikia siku ya kwanza, akiwa bado na tai shingoni. "Wewe hujapewa kitu. Hiyo kiti ndio imepewa. Ukihamishwa, utaenda na mwili yako peke yake." Wengine walikasirika. Karani mmoja, ambaye nitarudi kwake, alicheka hadi akatoa machozi, na tangu siku hiyo akawa rafiki yetu sote wawili.

Ijumaa baada ya chai Madam alitoka na kitabu chake, akapita meza kwa meza, akimuuliza kila mtu swali lile lile: "Bado unakaa hapa?" Mtu yuko mbele yake, kikombe mkononi, naye anaulizwa kama bado yupo. Vijana wa kaunta walimuigiza akishapita. Yeye hakujali. Aliamini akaunti huharibika pale mwenyewe anapoondoka na watu wakasahau kwamba mlango wake ungalipo. Mgeni siku mbili, alisema, ya tatu mpe jembe. Na ruhusa nayo ni mgeni, ikikosa kazi ionyeshwe njia.

Asichokubali kabisa ni kutazamwa akiandika neno la siri, wala kumtazama mwingine. Ukianza kuandika lako, aligeuza uso dirishani, akaangalia mti wa parachichi uliokuwa nje hadi umalize. Alifanya hivyo hata kwa mtu aliyekuwa amemkosea asubuhi ile ile. Binti yake alipokuja kwetu kufanya mazoezi ya kazi miezi mitatu, alimtia kundi la Kaunta, na siku ya mwisho akaifunga akaunti yake saa sita, huku msichana bado anakula mandazi ya kuagwa. Na yeye mwenyewe akienda likizo, alijifunga. Akirudi, alikuja kusimama mbele yangu mimi mdogo wake, akasema, "Nifungulie," akatia saini kwenye safu ya aliyeomba kama mtu yeyote.

Na bado mkoba wake ulishinda mezani umefunguliwa mdomo. Pochi inaonekana, simu inaonekana. Nyumba yake ya kupanga pale mjini haikufungwa mchana. Majirani waliingia wakachukua chumvi. Nilipomuuliza, alishangaa kwamba sioni tofauti. "Kwa mkoba ni vitu yangu," alisema. "Huku ni ya watu."

Mkubwa wetu wa ofisi alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na upole wake ulinifanya nimpende. Mara tatu, mbele yangu, alikuja chumbani kwetu kuomba atiwe kwenye kundi la Wasimamizi. Mara ya tatu alileta soda.

"Madam, si mimi ndio mkubwa hapa? Kwani kuna mlango naombanga ruhusa kwangu?"

"Mkubwa, hata kwako hauingiangi jikoni mama akipika. Na nyumba ni yako."

Alicheka, akatupa mkono, akaondoka. Madam aliisukuma ile soda hadi ukingoni mwa meza na haikunywewa. Akaniambia, bila kuinua macho, kwamba anayetaka kuingia kila chumba ama hajui anachokitafuta, ama anakijua sana. Mimi niliona anamwonea mzee wa watu.

Kulikuwa na jambo jingine lililowaudhi watu: haendi mazishi. Mchango alitoa wa kwanza, na mkubwa kuliko wa wengi wetu, lakini siku ya kuzika alibaki ofisini peke yake na mashine zake. Kwetu huku hilo si jambo dogo. Walisema ana roho ngumu, walisema ana dini ya ajabu. Mimi aliniambia sababu mara moja tu. "Siku ya mazishi ofisi ni tupu. Na tupu inaitanga watu." Nikajifanya natafuta waya.

Kisha yule karani mcheshi wa kundi la Rekodi akafa. Aliugua siku nne. Alikuwa ananiita ndugu, nami namwita ndugu, na nyumbani kwao Shianda nilikuwa nimelala na kula. Kama ilivyo kawaida, kamati ya matanga iliundwa, na kundi la WhatsApp likafunguliwa, mimi nikiwa kiongozi wake, mkubwa wa ofisi akiwa mwenyekiti wa kamati. Tulijaa humo watu sitini na zaidi: wafanyakazi, majirani, wanakwaya, wafanyabiashara wa sokoni, shemeji za shemeji.

Asubuhi baada ya kifo chake Madam alifungua kitabu chake ili aifunge akaunti ya marehemu. Nilimshika mkono. Nasema kweli, nilimshika mkono.

"Madam, wacha kwanza. Mtu hata hajazikwa. Hata nywele hatujanyoa."

Watu wetu mnajua. Vitu vya marehemu havigawanywi wala havihamishwi kabla ya siku ya kunyoa nywele, siku chache baada ya mazishi. Kitanda chake hukaa, koti lake hukaa msumarini. Kumfuta kwenye mashine siku moja baada ya kufa niliona ni sawa na kufagia nyumba huku mwili ungali ndani. Na palikuwa na haja nyingine. Picha zake zote nzuri zilikuwa kwenye akaunti ile: za harusi, za mahafali, za ile sherehe ya ofisi alipovaa kofia ya karatasi. Tulizihitaji kwa kile kijitabu cha mazishi. Nani anazikwa siku hizi bila kijitabu chenye picha za rangi?

Madam alinitazama muda mrefu. Alimpenda yule karani. Nadhani alinipenda na mimi. Hatimaye akaandika tarehe, akaandika: *Imeachwa wazi hadi baada ya kunyoa.* Akatia saini yake kwenye safu ya aliyetoa, akafunga kitabu haraka, kabla sijaona kama ameniandika popote.

Nilichofanya baada ya hapo kilikuwa changu peke yangu. Niliweka neno la siri jipya kwenye akaunti ya marehemu, rahisi, jina la kijiji chake na tarakimu moja. Mchapishaji alikuwa anazitaka picha upesi, kaka wa marehemu anazitaka, dada wa kwaya ana picha zake za kuongeza, na wote wananipigia simu kwa zamu. Nikachoka. Nikaingia kwenye kundi la matanga nikaandika: "Wapendwa, picha ziko hapa, ingieni mchukue." Nikaweka jina la akaunti. Nikaweka neno la siri. Watu waliweka vidole gumba na mikono ya maombi. Kijitabu kilitoka kizuri sana, na niliambiwa hivyo na watu wengi.

Akaunti moja ndiyo iliyofungua picha, na ndiyo iliyofungua rekodi. Nililijua hilo kuliko wote waliokuwemo mle.

Tulimzika Ijumaa. Wiki mbili baadaye alikuja kaunta mama mmoja mzee wa Matungu, mjane, na hati yake ameifunga kwenye leso. "Asalaam aleikum, wanangu. Nimekuja tu kuangalia shamba ya mzee wangu, mtu amekuja huko kupima na kamba." Kijana wa kaunta akatafuta namba. Akatafuta tena. Jina kwenye skrini halikuwa la mama wala la mumewe. Mama akaambiwa akae kwenye benchi, naye akakaa, hati mapajani, akisema taratibu kwamba hana haraka.

Madam alifungua orodha ya mfumo mbele yangu. Jina la mwenye shamba lilibadilishwa Ijumaa, saa tano na dakika kumi asubuhi, kwa simu kutoka nje ya ofisi, na karani wetu. Saa tano na dakika kumi, Ijumaa ile, nilikuwa nimeshika kamba ya jeneza lake.

Shamba likawekwa zuio, kesi ikapelekwa mahakamani, mjane akaambiwa asubiri. Ofisini kikaitishwa kikao. Hawakuuliza sana nani aliingia. Watu sitini walikuwa wameliona lile neno la siri, na hakuna aliyetaka kuutaja ule ujumbe wangu; utamkamata nani? Waliuliza nani alipaswa kufunga. Kitabu cheusi kikaletwa mezani, kikasomwa, na saini ilikuwa moja. Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango. Mkubwa alimuuliza kwa ile sauti yake ya upole kama kuna mtu aliyemwomba aiache wazi.

"Saini ni yangu," alisema Madam.

Nilikuwa na mtoto wa miezi miwili. Nalisema hilo si kwa kujitetea, nalisema kwa sababu ndilo nililoliwaza badala ya kusimama. Walimwachisha kazi mwezi ule. Alinikabidhi kitabu na kile kitambaa alichokifuma mwenyewe cha kufunika kibodi, akasema nisisahau kuzima feni. Watu wa koridoni walinong'ona kwamba ndiyo maana alikuwa haendi mazishi. Niliwasikia. Nikanyamaza hapo pia.

Nikapewa kiti chake. Wiki ya pili mkubwa akaja, mikono mitupu safari hii, akaomba. Nikamtia kwenye kundi la Wasimamizi kabla hajakaa. Ile ziara ya Ijumaa niliiacha, maana niliona haya. Na kitu kimoja sikukifanya: sikuifunga akaunti ya Madam. Mara nyingi niliiita kwenye skrini, kidole juu ya kitufe, na kila mara niliona namfukuza mara ya pili. Nikaiacha, kwa heshima. Sikujifunza kitu, kama mnavyoona.

Miaka mitatu ilipita ndipo nikaenda kumwona. Niliomba siku moja ya ruhusa, Alhamisi, na mkubwa aliyetia saini aliniuliza naenda wapi, nikamwambia.

Kwao ni upande wa Butali, pale ambapo harufu ya miwa inayopikwa hukaa kwenye nguo hadi jioni. Mlango ulikuwa wazi, bila shaka. Nilimkuta uani saa tatu, amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe, amekonda, miwani imefungwa kwa uzi.

"Mulembe, Madam."

"Mulembe muno. Keti. Umenenepa. Ni hiyo kiti inakunenepesha?"

Tulikaa asubuhi nzima. Aliuliza habari za feni, za mti wa parachichi, za mjane wa Matungu. Nikamwambia kesi bado, zuio bado lipo, mama anakuja kila mwezi na leso yake kuuliza. Akatikisa kichwa. Saa sita ikaletwa obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kienyeji, na kwenye sahani yangu ikawekwa firigisi, ile ambayo kwetu hapewi mtu hivi hivi. Niliitazama ikinitazama. Nikaisogeza sahani kando.

"Madam, niliweka ile paswadi kwa kundi ya matanga. Ni mimi."

"Najua. Na mimi nilikuwa kwa hiyo kundi. Niliona jioni ya mazishi, wiki yote sikuwa nimefungua hiyo kundi." Aliendelea kula. "Nilibadilisha hapo hapo. Lakini mtu alikuwa ameshaingia."

"Na mbona hukuniandika?"

"Kwani hujawahi kufungua huo ukurasa?"

Sikuwahi. Miaka mitatu kitabu kilikuwa kwenye droo yangu, na ule ukurasa niliuruka kama mtu anayekwepa kaburi njiani.

"Niliachia hiyo nafasi wazi," alisema. "Ya aliyeomba. Nikasema, huyu kijana atakuja ajaze mwenyewe. Siku ya kikao nikakungoja. Baadaye nikakungoja. Sasa nimezeeka, sikungojangi tena." Alisema bila hasira, na ningependa zaidi kama angenipiga kofi.

Wakati wa kuagana alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Na mimi, ulinifunga?"

"Zamani, Madam."

Alinitazama machoni, kisha akageuza uso, akaangalia migomba, kama alivyokuwa akifanya mtu anapoandika neno lake la siri. Nikaondoka.

Ijumaa asubuhi niliingia ofisini kabla ya chai nikaita akaunti yake, niifunge ili uongo wangu uwe kweli. Ilikuwa imetumika. Jumanne neno lake la siri lilikuwa limebadilishwa. Alhamisi, saa nne na dakika ishirini, mtu ameingia kwa jina lake na kuondoa zuio kwenye shamba la mjane wa Matungu. Saa nne na dakika ishirini Madam alikuwa mbele yangu, anachambua maharagwe. Wanaoweza kubadilisha neno la siri la mtu mwingine ofisini mwetu ni wawili tu. Mmoja ni mimi.

Nilikaa. Feni ilikuwa inazunguka. Nilielewa ambacho kingefuata kama ningenyamaza: kikao kingine, orodha ingesomwa, na jina lake lingetajwa, yule yule aliyeachishwa kwa uzembe, sasa kwa wizi. Wangemfuata Butali kwenye kigoda chake.

Nililirudisha zuio. Niliifunga akaunti yake, na kumtoa mkubwa kwenye kundi la Wasimamizi. Kisha nikafungua kitabu. Ule ukurasa wa zamani ulikuwa kama alivyosema: tarehe, maneno yake, saini yake, na katikati mahali patupu, pamepigiwa mstari kwa rula pande zote mbili. Nikaandika jina langu lote. Nikafungua ukurasa mpya, nikayaandika ya Jumanne na ya Alhamisi, kila saa na kila dakika, na kwamba saa hiyo mwenye jina hilo alikuwa kwake, nami nikimtazama. Nikatia saini chini.

Baada ya chai nikabeba kitabu hadi kwa mkubwa. Alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akarudi wa kwanza. Aliinuka, akausukuma mlango hadi ukafunga, akarudi kukaa. Uso wake ulikuwa mpole kama siku zote.

"Kijana yangu," akasema, "hii maneno, nani mwingine anajua?"

Nilimwambia lile kundi la matanga halikuwahi kufungwa. Kwamba mimi bado ndiye kiongozi wake, na watu sitini na zaidi bado wamo, wakitumiana salamu za Krismasi. Kwamba kabla sijapanda ngazi nilipiga picha kurasa zote mbili, nikazituma humo.

Simu yake ilikuwa mezani, kifudifudi. Ikatetemeka mara moja, ikatulia, kisha ikaanza kutetemeka bila kukoma, na yeye hakuigeuza.